Lehemu haitoki jikoni peke yake



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzee wetu mmoja alinikuta nafunga daftari la michango, akakaa. Alikuwa ameacha vidonge vya lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, kwa hoja kwamba hali tena mayai wala nyama ya mafuta, na mkewe ameshaondoa nazi katika mapishi. Kipimo kimerudi kikiwa juu kuliko mwanzo. Sasa nyumbani ni lawama: anamshuku mama kuwa anapika kwa mafuta kwa siri.

Mama wa watu hana kosa. Mimi si tabibu, lakini jambo hili nimelisoma na kuliulizia. Sehemu kubwa ya lehemu tuliyo nayo hatuili, bali tunaitengeneza wenyewe, na ini ndilo kiwanda kikuu. Malighafi yake ni vipande vidogo mno vinavyotokana na mafuta, wanga na hata protini. Kwa hiyo mla ugali na mchicha naye anayo. Tena tunaihitaji: ndiyo inayoimarisha utando wa kila seli, na kwayo mwili hutengeneza nyongo, vitamini D na homoni kadhaa.

Uzalishaji huo una msimamizi. Lehemu ikipungua ndani ya seli, protini fulani iliyokuwa imezuiliwa huachiwa, huingia katika kiini cha seli na kuamuru mambo mawili: kimeng'enya kinachoongoza utengenezaji kiongezwe, na vipokezi vinavyonasa lehemu ya damuni viongezeke juu ya seli. Akiba ikitosha, amri husimama. Basi anayepunguza mayai, ini lake huweza kufidia kwa kuzalisha zaidi. (Nazi ni suala jingine: mafuta yake mazito hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, kwa hiyo mama hakukosea kuiondoa.)

Vidonge vya jamii ya statini huingia hapo hapo. Cha kwanza cha aina hiyo kilitokana na kuvu, kazi ya Mjapani Akira Endo mwaka 1973, baada ya kuchunguza maelfu ya kuvu. Dawa hukizuia kile kimeng'enya. Ini likihisi upungufu, huongeza vipokezi na kuivuta lehemu kutoka katika damu. Ukiiacha dawa, kimeng'enya hurejea kazini.

Wapo pia wanaozaliwa na upungufu wa vipokezi. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein waliligundua hilo kwa kuchunguza seli za wagonjwa waliopata maradhi ya moyo wangali watoto, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, awe mnene au mwembamba.

Nilipomuuliza mzee kuhusu marehemu baba yake, alinyamaza kidogo. Alianguka ghafla shambani, hajafika miaka 45.

Nilimsihi arudi kwa daktari wake, aende na mkewe, na aeleze wazi kwamba aliacha dawa. Ameahidi. Alipokuwa anavaa viatu nikamuuliza kuhusu watoto. Mkubwa ana miaka 28, mwembamba, anacheza mpira kila jioni. Hajawahi kupimwa.