Tarehe ya Saa Isiguswe Usiku

Mimi ni fundi saa hapa Nkome, na nawaomba wauzaji wa saa za bei mbaya wamweleze mnunuzi jambo hili kabla hajalipa. Saa nyingi za springi zenye tarehe hazitakiwi kubadilishwa tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Muda huo gia zimeshaanza kuisukuma sahani ya tarehe. Ukilazimisha, jino linaweza kuvunjika. Wavuvi wa dagaa na wachimbaji wa zamu ya usiku huwa macho saa hizo hizo, ndiyo maana nasisitiza.

Njia salama ya kuweka tarehe ni hii: vuta kitufe cha pembeni hadi mwisho, zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke: hapo ni saa sita usiku. Endelea mpaka mshale mfupi ufike chini kabisa. Rudisha kitufe hatua ya kati, weka tarehe ya jana, kisha vuta tena usogeze mishale mbele hadi leo.

Miezi mitano haifiki siku 31, kwa hiyo tarehe husahihishwa mara 5 kwa mwaka. Muuzaji anayepokea mamilioni bila kuonyesha haya hajamaliza kuuza.