Montreal 1899: Bingwa alipatikana, mlango haukufunguka

Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Wengi walijiuliza: je, Mwafrika mweusi atavaa lini jezi ya bingwa? Katika mbio za uwanjani, mtu mweusi alishafika kileleni miaka 126 kabla.

Tarehe 10 Agosti 1899, mjini Montreal, Kanada, Mmarekani Marshall "Major" Taylor alishinda mbio za maili moja na kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Nyumbani, ubingwa huo haukubadili mengi. Tangu 1894, chama kikuu cha waendesha baiskeli Marekani kilikuwa kimewazuia weusi kuwa wanachama. Taylor alikataliwa hotelini, na wapinzani weupe walishirikiana kumbana uwanjani. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya, akamshinda hata Mfaransa Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa 1900. Hata hivyo, alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Funzo lake ni kwamba bingwa mmoja hafungui mlango peke yake. Kanuni, viwanja, makocha na fedha ndivyo huamua nani atamfuata. Barabara za Kigali zipo tayari; mbio za uwanjani zinahitaji uwanja maalumu, na nchi nyingi za Afrika hazina.