Nani Kasema Wazee Hawakuandika?

Akifa mzee maarufu wa Kariakoo, hakosekani msemaji wa kushika kipaza sauti na kutangaza kwamba Afrika, mzee akifa, maktaba imeungua. Waombolezaji hutikisa vichwa. Kauli hiyo hupewa hadhi ya methali ya mababu, kumbe ina mwenyewe: Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeitoa UNESCO mwaka 1960 akihimiza masimulizi ya wazee yahifadhiwe. Yeye alikuwa anadai kazi ifanyike. Dar es Salaam kauli yake imegeuka udhuru wa kutofanya kazi: historia ya huku ilikuwa ya mdomo tu, maandishi kaja nayo Mzungu, basi hakuna cha kutafuta.

Ni uongo, tena uongo wa hasara.

Mwaka 1711, yapata miaka 150 kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga majumba yake jirani na Mzizima, Dar es Salaam ya leo, Malkia Fatima wa Kilwa alipeleka barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua hiyo na nyingine za Kilwa za miaka ile zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa kuwa Wareno waliokuwa wakiandikiana na Kilwa walijua kutunza karatasi. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, na haukusubiri shule ya misheni ndipo uandikwe. Wadachi hawakuwa na shaka na jambo hili hata kidogo. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin kitabu cha kufundishia kilichojaa barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yaani Mdachi aliyejiandaa kuja kutawala Mrima alifundishwa kwanza kusoma barua za watu ambao leo wajukuu zao wanaambiwa hawakuwa na barua.

Hapo ndipo mbishi hubadili njia: hayo ni ya pwani, ya Waarabu na mashehe, hayamhusu mtu wa kawaida.

Basi aingie mitaa ya Kariakoo yenyewe, mtaa uliopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kleist Sykes hakuwa Mwarabu wala shehe. Baba yake alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wadachi kutoka Inhambane, Msumbiji. Yeye mwenyewe alipigana chini ya Lettow-Vorbeck, baadaye akafanya kazi reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Kabla ya kufariki mwaka 1949 alikuwa ameandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes, alizitumia katika sura iliyotoka mwaka 1973 kwenye kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said akachapisha kitabu kuhusu Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akitegemea pia nyaraka za nyumba hiyo. Kitabu kile kimezua mabishano makali kuhusu asili ya TANU, chama kilichotokana na African Association hiyo, na ubishi huo ni halali. Lakini bila karatasi za nyumba moja, mabishano yenyewe yangekuwa porojo za barazani. Wala nyumba hiyo haikuwa peke yake katika kuandika: kuanzia mwaka 1937 Dar es Salaam ilikuwa na gazeti la Kwetu, la Erica Fiah, Mganda mwenye duka.

Leo nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uwani nyuma, zinavunjwa kupisha maghorofa. Warithi hugombea mgawo, fundi hutaka kiwanja kiwe cheupe upesi. Kwenye sanduku la bati la marehemu, hati ya kiwanja hunusurika maana ina bei. Barua, stakabadhi za kodi, kadi za chama na daftari za madeni huenda na kifusi, au zikafungie karanga. Kisha msibani husemwa maktaba imeungua!

Wenye kisa kigumu kuliko hiki wapo. Wavietnam waliandika kwa karne nyingi kwa herufi za Kichina na kwa Kinom, maandishi yao wenyewe yaliyojengwa juu ya hizo. Mitihani ya mwisho ya kifalme ilifanyika mwaka 1919, na leo wanaandika kwa herufi za Kilatini, hivi kwamba Mvietnam wa kawaida hawezi kusoma alichoandika babu wa babu yake. Hawakusema hakuandika. Wana taasisi Hanoi inayosomesha na kufasiri maandishi hayo yenye alama maelfu kwa maelfu.

Kariakoo haihitaji hata nusu ya jasho hilo. Mtoto wa miaka minane anayerudi chuoni na juzuu yake anazijua herufi, kuanzia alifu hadi ye. Kilichobaki ni mazoea ya uandishi wa kale, ambapo be moja inaweza kusomwa b, p au mb kufuatana na maana. Ajabu ni kwamba mtoto huyo anaweza kumaliza msahafu asiwahi kuonyeshwa barua hata moja ya Kiswahili katika herufi alizozizoea.

Wala mahali pa kuanzia hapako mbali. Jumba la Nyaraka za Taifa liko Upanga, mwendo wa miguu kutoka sokoni, na nyaraka zake za enzi ya Wadachi ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo katalogi yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilitoka mwaka 1970. Msemaji wa msiba ujao aipitie katalogi hiyo kwanza, halafu awaeleze waombolezaji miswada ile iliandikwa na nani.