Filamu ya Jumamosi ya Mwisho



Nataka kutoa maoni yangu juu ya mabishano yaliyovuma mabwenini muhula huu. Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga shule tutaonyeshwa katuni moja ya Kijapani ya majitu ya chuma. Je, iwe ipi? Wenzangu walio wengi washika Mazinger Z, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1972. Mimi nashika Gundam ya mwaka 1979.

Hoja zao nazijua. Jitu la Mazinger hurusha ngumi ikaruka kama roketi, adui akafa, watu wakaenda kulala. Gundam, wasema, ni maneno mengi, na shujaa wake, Amuro Ray, ni mtoto wa miaka 15 anayenung'unika. Siku moja agoma kwenda vitani, mkubwa wake Bright ampiga makofi, naye alalamika kwamba hata baba yake hajapata kumpiga. Hapo bweni zima hucheka. Mtoto huyo hajapata kuchelewa mstarini!

Tena yupo adui yake, Char, ambaye jitu lake jekundu lasifiwa kuwa na mwendo mara tatu kuliko mengine. Tangu habari hiyo ienee, ndoo nyekundu zasemekana hufika bombani kwanza, na malori mekundu yapitayo hapa Lusahunga kwenda Rusumo hupigiwa makofi. (Lile nililoliona juzi lilikuwa limeharibika.)

Nami nacheka pamoja nao. Lakini naomba watazame jambo moja ambalo sikuliona katika Mazinger. Merikebu ya angani anamopigania Amuro, iitwayo White Base, imejaa wakimbizi. Mji wao umeshambuliwa. Mama na babu wa msichana Frau Bow wameuawa. Askari wengi wamekufa, ndiyo maana mtoto yule aingia ndani ya jitu huku akisoma kitabu cha maelekezo. Wazee wagombana na wakubwa wa merikebu, wataka kushushwa. Watoto watatu yatima wacheza humo humo katikati ya vita. Na iko sehemu moja ambayo taabu yake kubwa ni mpishi kuishiwa chumvi. Nani aliyekula maharage ya bwenini atasema hilo ni jambo dogo?

Sisi wa Ngara na Biharamulo tusiione habari hiyo kuwa ngeni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Wazee wetu waliwaona, na wakisimulia hawaanzi na bunduki. Huanza na kuni, maji, na watoto waliopoteana na mama zao. Bwana Yoshiyuki Tomino, aliyeongoza Gundam, alizaliwa mwaka 1941, naye ni mtoto wa wakati wa vita.

Wako wasemao kwamba hata Wajapani wenyewe waliikataa. Ni kweli kwamba watazamaji walikuwa wachache, ikakatizwa kwenye sehemu ya 43. Lakini mwaka 1981 na 1982 ilirudi kwa filamu tatu, na Wajapani wakajaa kuitazama.

Kwa hiyo namwomba mwalimu anayehusika atuonyeshe sehemu ile ya chumvi. Watu wa Mazinger nitawaachia viti vya mbele.

Mwanafunzi, Kidato cha IV