Kuuza ruksa, kuficha hapana!

Wadau, jamaa mmoja hapa Isevya anawauzia walimu programu ya matokeo, 20,000 kwa flashi. Kaichukua yenye leseni ya GPL, kaibadili ikawa ya Kiswahili. Rumeti wangu anadai kuuza cha bure ni wizi. Siyo! GPL ya 2007 inaruhusu bei yoyote.

Wizi ni huu: leseni kaifuta, kaandika "marufuku kunakili", msimbo chanzo hatoi. Jambo OpenOffice ya Kiswahili ya 2004 ingetoka vipi kama msimbo ungefichwa?

Nilipokuwa field ilikosea divisheni za watoto, tukashindwa kuirekebisha. Namdai, ananijibu, "Dogo, we si ualimu tu?" Ualimu tu!! Kesho narudi, risiti ninayo.