Karatasi Yako Imetoka kwa Printa ya Nani?

Wasee, leo tuongee printa. Najua inaboesha, lakini kama unafanya kazi ya ofisi ukiwa kwa nyumba kupitia Remote Desktop, hii inakuhusu.

Msimamo wangu ni huu: mtu wa Remote Desktop aonyeshwe printa moja tu, na asiyehitaji kuprinti asionyeshwe hata moja. Ofisi nyingi huacha kila kitu wazi, halafu karatasi ikipotea, lawama zote ni za kijana wa kandarasi.

Cheki vile inaenda. Uko Umoja, seva iko Westlands. Ukiingia, Windows inaweza kubeba printa zote za kompyuta uliyokalia hadi ndani ya seva. Huko zinakutana na printa za ofisi. Ukitaka kuprinti unapata orodha ndefu ya majina yanayofanana, mengine yameandikwa "redirected" na namba. Bosi anapiga simu, una haraka, unachagua ya kwanza. Payslip ya mtu inatokea printa ya mapokezi, kila mgeni anaisoma, na kati yako na hiyo karatasi kuna jam ya Jogoo Road.

Sasa wifi ikatae uhamie saiba. Kwa kawaida, printa kuu ya ile kompyuta ya saiba ndiyo inageuka printa yako kuu ukiwa ndani ya seva. Unabonyeza bila kuangalia, na faili ya mteja inatoka pale kaunta, katikati ya watu wa kutoa kopi za kitambulisho. Hiyo si kasoro ndogo ya IT. Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwenye kushika data za watu ana jukumu la kuzilinda, hata zikiwa kwa karatasi.

Watu wa IT watasema kila printa inataka draiva yake na hiyo ni kazi kubwa. Zii. Tangu Windows Server 2008 kuna Easy Print: seva inatuma kazi kwa kompyuta yako, na draiva iliyo kwako ndiyo inaprinti. Seva haihitaji kujazwa madraiva. Na tuliona 2021 vile mambo ya draiva yanaweza kuwa hatari, wakati ule udhaifu wa PrintNightmare ulifanya Microsoft ibadilishe Windows ili kuweka draiva ya printa kuhitaji ruhusa ya msimamizi.

Kwa hivyo msimamizi afanye mambo matatu kwenye sera za seva: Easy Print itumike kwanza, ipitishwe printa kuu peke yake, na kwa wasioprinti mlango ufungwe kabisa. Mtu akihama au akinunua printa mpya, aombe ibadilishwe. Ni dakika chache.

Wewe nawe, ukiwa saiba, kabla ya kuunganisha fungua Local Resources na utoe tiki kwa Printers. Halafu Jumatatu uliza ofisi yako: mimi naona printa ngapi, na ni kwa nini? Wakikosa jibu, hiyo payslip inayosubiri kutoka mapokezi inaweza kuwa yako.