Shura Iliyokomboa Ukoo

Mwaka 1817, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mtumwa mmoja aitwaye Frank alilipa dola 800 kumnunua mkewe, Lucy, ilhali yeye mwenyewe alikuwa bado mali ya watu. Wapo watakaostaajabu kwa nini hakuanza na nafsi yake. Lucy alikuwa mja mzito, na sheria ya huko ilimhesabu mtoto kwa hali ya mama yake. Squire, aliyezaliwa mwaka huo huo, hakupata kuwa mtumwa hata siku moja. Baba yake alingoja hadi 1819, ndipo akajinunua kwa dola 800 vile vile.

Fedha hizo zilitoka katika shura, yaani ile chumvi itiwayo katika baruti. Frank, mwana wa Juda aliyetekwa Afrika ya Magharibi, alizaliwa Carolina ya Kusini mwaka 1777. Bwana wake alimhamishia Kentucky mwaka 1795, wakati ambapo nchi ile ilikuwa ingali pori linalofyekwa, na baadaye akahamia Tennessee, akamwacha Frank asimamie shamba. Frank akapewa ruhusa ya kujikodisha kwa wengine, naye akaanzisha kiwanda chake cha shura. Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Huko Kentucky udongo wa shura ulichimbwa mapangoni, ukatiwa katika mapipa ya mbao na kumwagiwa maji. Maji yaliyochujika yakachanganywa na maji ya majivu ya kuni, kisha yakachemshwa hata chembe nyeupe zikaganda. Vita vya Marekani na Uingereza vilipozuka mwaka 1812, bei yake ilipanda sana.

Mwanawe, Frank mdogo, alikuwa ametorokea Kanada. Mwaka 1829 baba alikitoa kiwanda hicho kiwe badala ya uhuru wa kijana wake, ili apate kurudi nyumbani bila kuwindwa. Riziki ya miaka mingi ikaenda kwa mtoto mmoja, na pengine hakuna biashara iliyopata kuuzwa vizuri kuliko hiyo.

Mwaka uliofuata jamaa hao walianza safari ya kuelekea Illinois, wakiwaacha nyuma watoto watatu wakubwa waliokuwa bado utumwani. Mwaka 1835 Frank alirudi Kentucky kumkomboa mmoja wao, Solomon. Mwaka 1836 akapima mji, New Philadelphia, wenye viwanja 144, akaviuza kwa weusi na weupe. Bunge la jimbo likamthibitishia jina la McWorter mwaka 1837, apate kumiliki mali na kushtaki mahakamani.

Alifariki mwaka 1854, wajukuu wengine wakiwa bado wametumikishwa. Katika wasia wake aliagiza nao wanunuliwe, na warithi wakafanya hivyo. Kwa jumla walikombolewa watu 16, naye mwenyewe akiwamo, kwa takriban dola 14,000.